Daftari la Maisha Yako Halihitaji Picha



Ukiingia katika nyumba zetu nyingi utakuta ukutani picha moja au mbili ndani ya fremu: arusi ya binti, mahafali ya kijana, na pengine mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti, ameketi wima juu ya kiti cha studio. Uliza mzee yule alikuwa nani, nawe utatajiwa jina lake na labda kijiji chake. Uliza tena alipenda nini, aliogopa nini, kazi yake alijifunza kwa nani, na kwa nini alihama kwao. Hapo aghalabu wenyeji hutazamana. Uso wa mzee umehifadhiwa; mzee mwenyewe amepotea.

Katika nyumba hizo hizo wamo watu wasio na picha hata moja ya ujana wao, hasa bibi zetu na mama zetu. Studio ilikuwa mjini na fedha haikuwapo. Au picha ilikuwapo, paa likavuja, mchwa wakafika, sanduku likapotea katika kuhama. Hata vijana wa leo wanaojipiga picha kila siku hawajasalimika, kwa maana simu ikiibwa au ikitumbukia majini, miaka mitano ya picha huondoka pamoja nayo. Wengi wa watu hawa husema, "Mimi sina kumbukumbu." Makala ya leo yanawahusu hao. Nia yangu ni kukuonyesha kwamba kumbukumbu unayo, tena tele, na kwamba unaweza kuikusanya katika daftari moja pasipo kubandika picha yoyote.

Desturi ya kubandika vipande vya maisha katika daftari ni kongwe huko Ulaya na Marekani. Mwandishi Mark Twain aliipenda hata mwaka 1873 akapata hataza ya daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa thamani ya karatasi iliyotunzwa. Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, na barua hizo zikahifadhiwa. Mwaka 2002 zilichapishwa kuwa kitabu, *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Leo msomaji akitaka kumjua mshairi huyo katika maisha yake ya kila siku, ndugu kwa ndugu, anazo barua hizo za kumwongoza. Lau zingetumika kufungia karanga, tungebaki na sura yake na vitabu vyake tu.

Haya, tufungue daftari letu.

Ukurasa wa kwanza uwe wa jina lako. Mila yetu ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake ni mila ya heshima, lakini ina gharama yake. Mwanamke akiitwa Mama Rehema kwa miaka arobaini, wajukuu hukua bila kulijua jina alilopewa yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. Basi liandike kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Pembeni eleza nani alikupa, ulirithi kwa nani, na lilikuwa na maana gani katika lugha ya kwenu. Ongeza majina ya utani ya utotoni, na uwataje watu waliobaki duniani ambao bado wanakuita hivyo. Utashangaa jinsi orodha hiyo ilivyo fupi, na hapo utaelewa kwa nini kazi hii haingoji.

Ukurasa wa pili uwe wa kiganja. Weka mkono wako juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, kisha ndani ya kila kidole andika jambo moja ambalo mkono huo unaliweza: kusuka ukili, kupima chumvi bila kijiko, kushona nyavu, kuandika ubaoni, kumtuliza mtoto. Kama una kovu, lichore mahali pake na useme lilitokana na nini. Kovu moja la jembe hueleza utoto mzima wa mtu. Kila mwaka unaweza kurudia zoezi hili, na ukiwa na mtoto mdogo, chora kiganja chake ndani ya kiganja chako. Hakuna picha itakayokuonyesha vizuri kuliko hivyo namna alivyokua.

Ukurasa wa tatu namkabidhi mama mwenye sanduku la kanga. Vazi hili limekuwa likiandikwa maneno tangu siku nyingi, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, na kila doti ina pindo lake, mji wake na jina lake. Mwanamke wa Kiswahili hanunui kanga kwa rangi peke yake. Hulisoma jina kwanza, akajiuliza atamvalia nani. Kwa hiyo kanga zako ni shajara uliyoiandika bila kushika kalamu. Zile zilizochakaa, ambazo sasa ni za kudekia, zikate kabla hazijaisha. Chukua kipande chenye jina na kipande kidogo cha pindo, ukishone kwenye karatasi kwa sindano na uzi. Chini yake andika: kanga hii nililetewa na fulani, mwaka fulani, nilipojifungua, au, hii niliinunua mwenyewe kwa fedha yangu ya kwanza ya kuuza maandazi, au, hii niliivaa siku tuliyomzika mama. Kipande cha upana wa kiganja kitasema mambo ambayo ulimi ungeona haya kuyasema.

Baba naye asidhani ameachwa nje. Kipande cha sare ya kazi, kifungo cha koti, lebo ya mkoba wa vifaa, au uzi wa mshipi wa kuvulia vyaweza kukaa ukurasa huo huo kwa heshima ile ile.

Ukurasa wa nne uwe ramani. Chora nyumba uliyokulia kama mtu anayeitazama kutoka juu. Jiko lilikuwa wapi? Ulilala chumba kipi, na nani? Mti gani ulikuwa uani, na kisima kilikuwa umbali gani? Mchoro mbaya si neno, kwani anayehitajika hapa ni shahidi, si mchoraji. Wako watu ambao makazi yao ya zamani hayaonekani tena, kwa sababu walihamia vijiji vipya katika miaka ya 1970, au kwa sababu mji ulipanuka ukayameza mashamba. Nyumba za namna hiyo zimebaki katika vichwa vya wachache. Kichwa nacho, kama tujuavyo, hakina nakala ya akiba.

Kurasa zinazofuata ziwe za karatasi ndogo zile tunazozitupa. Tiketi ya treni ya TAZARA iliyokupeleka kazini kwa mara ya kwanza. Bahasha yenye stempu na mwandiko wa mtu uliyempenda. Stakabadhi ya bati la kwanza la nyumba yako. Ukurasa wa daftari la kisomo. Hilo la mwisho nalisisitiza. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo wa nchi nzima. Wazee walioketi madarasani jioni, wamechoka na jembe, wakajifunza kuandika majina yao, baadhi yao wangali hai. Kama katika familia yenu yuko mmoja, mpe kalamu leo aandike jina lake katika daftari. Mwandiko ule wa kutetemeka ni picha yake halisi.

Wale wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa wasikate tamaa. Wazee wetu walihesabu miaka kwa matukio, nasi tufanye vivyo. Andika: nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni lilipotoka Azimio la Arusha mwaka 1967, niliingia darasa la kwanza wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, niliolewa katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Ukiyapanga matukio hayo katika mstari mmoja, umri wako utajitokeza wenyewe, tena ukiwa umefungamanishwa na historia ya nchi.

Halafu uko ukurasa mmoja ambao wengi wataupita. Nauita ukurasa wa neno zito. Humo mtu huandika jambo lililomuumiza na jinsi alivyolivuka: mtoto aliyefariki, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, kufukuzwa kazi. Nchi jirani ya Uganda imetufundisha uzito wa ukurasa huu. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukizimaliza familia na dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, NACWOLA, kiliwafundisha akina mama kuwatengenezea watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika alikozaliwa, ukoo wake, siku mtoto alipozaliwa, chakula mtoto alichokipenda, mila za nyumbani, na matumaini yake kwa mtoto huyo. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda kuwatazama waandishi hao, na mwaka 2003 akatoa kitabu kuwahusu.

Yatafakari hayo, msomaji. Mama anajua kwamba huenda mtoto wake hatakumbuka hata sauti yake, naye anachagua maneno ya kumwachia. Tena ilionekana kwamba faida haikungoja kifo. Wakati wa kuandika, mama na mtoto walipata njia ya kuzungumza juu ya ugonjwa uliokuwa siri katikati yao. Dawa zilipoenea katika miaka ya 2000, wako waliopona kifo walichokuwa wakikitayarishia vitabu, wakaendelea kuwalea watoto ambao tayari walikuwa wamewaambia ukweli. Daftari lililoanzwa kwa ajili ya msiba likawa la maisha.

Sasa niseme machache juu ya ufundi. Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, lile liitwalo kaunta buku. Kata karatasi moja katika kila karatasi nne, ukiacha vishina, ili daftari lisitanuke likavunjika mgongo vitu vikiongezeka. Uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo hugandisha vizuri, lakini mende na panya huupenda mno. Kwa hiyo paka kidogo sana na uache ukauke kabisa kabla ya kufunga. Kitambaa, nywele za mtoto na vitu vinene, vishone kwa uzi. Jihadhari na utepe wa plastiki wenye gundi, kwani baada ya miaka michache hugeuka njano na kuacha doa.

Jani au ua likaushe kwanza kati ya karatasi za gazeti chini ya kitu kizito kwa wiki moja au mbili, ukizibadilisha karatasi zikilowa. Risiti za mashine zinazotolewa madukani siku hizi hazitumii wino. Maandishi yake hutokana na joto, na kwa joto au mwanga hufifia mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Zinakili kwa mkono wakati zingali zinasomeka. Andika kwa kalamu ya risasi au ya wino usioyeyuka kwa maji. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule usivibandike kamwe. Weka nakala, na asili itunze penginepo. Mwisho, lifunge daftari katika kitambaa kikavu, uliweke juu, mbali na sakafu na mvuke wa jikoni.

Kwa mzee asiyeandika, kazi ni ya mjukuu. Asiende na orodha ya maswali kama karani wa sensa. Aketi naye akipepeta mchele, aseme, "Shikamoo, bibi. Hebu niambie, hii kanga alikupa nani?" Bibi akiitikia marahaba na kukishika kitambaa, habari zitakuja zenyewe. Mjukuu aandike maneno kama yalivyotamkwa, kwa lafudhi ya bibi, bila kuyasanifisha.

Yako makatazo mawili. La kwanza, usijipambe. Daftari la mtu asiyekosa wala kushindwa halimsaidii mtoto wake atakapokosa na kushindwa. La pili, usiifichue siri isiyo yako. Huzuni yako ni mali yako. Aibu ya jirani, ya shemeji au ya mume uliyeachana naye si haki yako kuirithisha. Kama jambo hulazimiki kulitaja jina, lieleze bila jina.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara, lakini onyo lao latufaa sisi sote, kwa maana maisha ni mali iliyo adimu kuliko zote na ndiyo tunayoitumia bila hesabu. Leo ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana, tafuta daftari, keti na watu wa nyumbani kwako, na uandike ukurasa mmoja tu, ule wa jina. Waache watoto wakuulize. Yamkini hapana hata mmoja kati yao aliyewahi kulisikia jina lako lote.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.