Haba na Haba Humaliza Kibaba

Ndugu msomaji, tangu utotoni tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli, ila ina upande wa pili ambao hatukufundishwa: haba na haba hukimaliza vilevile. Nenda jioni moja kwenye kituo chochote cha biashara hapa Uganda, usimame karibu na kibanda, utazame. Kijana wa bodaboda ananunua kifungu cha mairungi ili asisinzie usiku kucha akisaka abiria. Anaongeza sigara mbili, mojamoja, si pakiti. Alfajiri atarudi palepale amiminiwe waragi katika bilauri ndogo, kwa kuwa mwili uliochangamshwa usiku kucha haupati usingizi wenyewe. Jioni ataamka mzito, na dawa ya uzito huo anaijua: mairungi tena.

Hapo hujaona mteja wa kitu kimoja. Umeona vitu vitatu vya uraibu vilivyoshikana mikono, kila kimoja kikikitafutia kingine soko. Mwenye kibanda analijua jambo hili vizuri, ndiyo maana ameviweka vyote kwenye meza moja. Wasiolijua, au wanaojifanya hawalijui, ni wale wanaotutungia sheria, wanaotupangia kodi, na sisi wenyewe tunaohubiri dhidi ya pombe Jumapili, dhidi ya sigara siku ya afya, na dhidi ya mairungi msako unapopita.

Tuazime somo dogo la uchumi. Kuna bidhaa zinazoandamana, kama chai na sukari: sukari ikipanda bei, wengi hupunguza na chai. Kuna pia bidhaa zinazobadilishana, kama mkaa na kuni: mkaa ukipanda, mpishi hurudi kwenye kuni. Vitu vya uraibu vina ujanja wa kuwa vyote viwili kwa mtu yuleyule. Saa sita za usiku, mairungi yakikosekana, sigara hushika nafasi yake, hapo vinabadilishana. Alfajiri mairungi huita waragi, hapo vinaandamana. Kwa hiyo anayekigusa kimoja bila kuuliza vingine vitakwenda wapi hajatibu uraibu. Amehamisha fedha kutoka mfuko mmoja wa muuzaji kwenda mfuko wake mwingine.

Utaniambia: mraibu hajali bei, atanunua tu. La hasha. Mwaka 1988 wachumi wawili wa Chicago, Gary Becker na Kevin Murphy, walitoa nadharia iliyosema kinyume. Walieleza kwamba matumizi ya leo huzaa matumizi ya kesho, na kwa sababu hiyohiyo bei ikipanda na kubaki juu, athari yake huongezeka kadiri miaka inavyopita. Sikubaliani nao kwamba mraibu hupiga hesabu kwa utulivu kama karani wa benki. Lakini kwamba bei humgusa, wafanyabiashara wamelithibitisha zamani: wasingejisumbua kugawa bidhaa zao vipande vidogo kiasi hiki.

Na hapa ndipo penye siri ya biashara nzima. Chukua mfano wa hesabu tu: shilingi 1,500 za mairungi, 1,000 za waragi na 500 za sigara. Jumla ni 3,000 kwa siku. Zizidishe kwa siku 365, upate 1,095,000. Mwambie kijana yuleyule alipe milioni moja na elfu tisini na tano kwa mkupuo mmoja ili alewe mwaka mzima. Atakucheka, kisha atakuambia kwamba fedha hizo angelipia deni la pikipiki. Kwa hiyo haombwi milioni. Anaombwa mia tano, kisha elfu, kisha elfu na mia tano, na kila moja inaonekana ndogo kwa kuwa haijawahi kukaa kwenye daftari moja na nyingine. Mkewe ndiye mwenye daftari, maana ndiye anayefukuziwa watoto shuleni kwa kukosa karo.

Serikali ilikwisha kuielewa siri hii, ila kwa vipandevipande. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2017. Sisi tukafuata mwaka 2019. Tulifanya vyema. Lakini chupa ikafunguliwa kibandani, waragi ikaendelea kupimwa kwa bilauri. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuuza sigara mojamoja, na inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Jiulize, msomaji: ni lini mara ya mwisho umemwona muuzaji akiulizwa habari ya sigara moja? Mairungi nayo yana hadithi yake. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023, baada ya wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso kushtaki, kwa kuwa ilipitishwa Bungeni bila akidi. Mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya, mairungi yakiwemo. Basi leo mkono mmoja wa dola unakimbiza jani, mkono wa pili unapokea ushuru wa chupa, na jicho limefumbwa mbele ya sigara.

Najua hoja itakayoletwa: ushuru huo hujenga barabara, na viwanda hutoa ajira. Ni hoja ya zamani. Tangu miaka ya 1960, sheria ya enguli ilipowataka watengenezaji wa pombe hiyo ya kienyeji wawe na leseni na kuiuza kwa kampuni iliyoisafisha na kuitia chupani kwa jina la waragi, dola imekuwa na kiti katika biashara hii. Sidai kiti hicho kivunjwe. Nadai hesabu ikamilishwe. Ushuru huandikwa upande wa mapato, na kila mwezi Juni tunasomewa bajeti tukapiga makofi. Ni nani anayetusomea upande wa pili: ajali za usiku, vitanda vya hospitali, siku za kazi zilizopotea, mtoto aliyeacha shule? Na gharama hizi hazijumlishwi tu. Waganga wanatuambia kwamba anayekunywa na kuvuta sigara kwa pamoja yumo katika hatari kubwa ya saratani ya kinywa na koo kuliko jumla ya hatari ya pombe peke yake na sigara peke yake. Madhara huzidishana, ilhali sera zetu bado zinatoa moja baada ya moja.

Sasa niungame jambo, usije ukanidhania mtakatifu anayerusha mawe. Karo yangu ilitoka ndani ya chungu cha malwa. Mama yangu alipika pombe ya wimbi kwa miaka mingi, na wazee waliokaa na mirija yao kuzunguka chungu ndio walionisomesha mpaka nikapata stashahada ya ualimu. Siwezi kumwita mama adui wa taifa, wala mkulima wa mairungi anayesomesha wanawe. Lakini ninakumbuka pia kwamba miongoni mwa watoto wa wazee wale, wapo waliokaa nyumbani muhula mzima. Karo yangu ilikuwa karo yao. Tangu nilipolielewa hilo, sijaweza tena kusikia maneno "ni fedha zake, mwache atumie" bila kuuliza: fedha za nani?

Basi tudai nini? Kwanza, ushuru wa pombe na tumbaku upandishwe kwa pamoja, na ule wa pombe ufuate ukali wake, ili mtu asikimbie bei ya kimoja akaangukia urahisi wa kingine. Pili, ulinzi wa sheria uelekezwe kwenye kipimo kidogo na kwa mwenye leseni, si kwa kijana mwenye majani mfukoni. Kumfunga mraibu ni kuongeza gharama juu ya gharama, na akitoka gerezani kibanda kitakuwa kinamsubiri. Tatu, sehemu ya ushuru huo itengwe kwa matibabu wilayani. Leo Hospitali ya Butabika, kule Kampala, ina kitengo cha waraibu. Lakini mtu wa Arua au Kisoro atafikaje? Na akifika, atibiwe kwa jumla. Anayeachishwa waragi huku mairungi na sigara vimeachwa vilivyo ametengenezewa njia ya kurudi. Nne, wapika pombe na wakulima wapewe muda na mtaji wa shughuli nyingine kabla ya kuletewa askari.

Hayo ni ya dola. Lipo la kwako, msomaji. Wiki hii chukua karatasi, uandike kila shilingi iliyotoka nyumbani mwako kwa pombe, sigara, mairungi na ugoro, hata ikiwa ni mia mbili. Usiandike ili kumwaibisha mtu. Jumlisha, uzidishe kwa hamsini na mbili. Kisha mbunge wako au diwani wako atakapokuja kuomba kura, akiwa na kreti za bia kwenye gari la kampeni, mpe karatasi hiyo aisome kwa sauti mbele ya watu, ndipo umwulize atafanya nini.