Skana ya Negativu: Taa Itangulie Nambari
Aghalabu, anayetafuta skana bapa ya kuhifadhia negativu kongwe za picha huvutwa na idadi ya doti kwa inchi iliyochapishwa kwenye kasha. Kigezo hicho hakitoshi. Karatasi husomwa kwa mwanga unaoakisiwa, ilhali negativu sharti ipenywe na mwanga. Skana isiyo na taa kifunikoni haifai, hata ikitangaziwa doti 9600, ambazo huenda nyingi zimebuniwa na programu. Yenye taa, ikisoma doti 2400 halisi, hutoa takriban pikseli milioni 8 kwa negativu ya milimita 35, nazo zatosha ukurasa wa kitabu. Bei na ije mwisho. Filamu za asetati zinazonuka siki zimekwisha kuanza kuoza. Uteuzi mbaya leo huenda usipate fursa ya kusahihishwa.