Mtaalamu Asikuletee Mzigo Tu, Akuletee na Hisa

Leo sina mbinu ya kupanga rafu wala ya kudai madeni. Nina jambo linaloninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na naamini linawahusu wengi humu.

Mimi nina duka la vyakula vya kuku na mifuko ya nafaka hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nina miaka 26, niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Biashara nimejifunzia hapa hapa kaunta, kwa hasara na kwa faida.

Mwaka juzi aliingia dukani mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Nikamwamkia, "Shikamoo Dokta," maana mtu aliyemleta alishanitonya. "Marahaba mdogo wangu." Akatoa kwenye begi mfuko wa unga wa kahawia. Akanieleza kuwa ni chakula cha kuku kinachotokana na funza. Sio hawa wa chooni, ni wa nzi mweusi fulani, wanalishwa mabaki ya chakula na matunda yaliyooza sokoni, wanakaushwa, wanasagwa. Kazi yake ni kushika nafasi ya dagaa. Kila anayefuga hapa anajua dagaa ndio wanaokula faida yote.

Nilipokea mifuko 40 kwa mali kauli. Mwezi mzima nikauza miwili!

Shida haikuwa unga. Mfuko ulikuwa wa kilo tano, shilingi 17,500, na maandishi yote Kiingereza. Mama mmoja mwenye kuku 60 aliushika, akaugeuza, akanirudishia. "Mwanangu, elfu kumi na saba na mia tano kwa mkupuo nitaitoa wapi? Wewe nipimie kilo."

Nikaanza kuandika kwenye daftari kila swali ninaloulizwa. Watu 11 walitaka wapimiwe kilo. Saba waliuliza wachanganye vipi na pumba na mashudu. Wanne waliuliza kama yai halitanuka. Nikampigia Dokta, nikamsomea daftari lote. Baada ya wiki tatu akarudi na pakiti za kilo moja kwa 3,500, na karatasi ya Kiswahili inayoeleza kuchanganya kwa makopo. Mwezi wa tatu nikauza pakiti 130. Watu wakawa wanatoka mpaka vijiji vya jirani.

Halafu simu ikaja. "Mdogo wangu, mradi umeisha."

Yaani fedha za utafiti zilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe imefika. Mashine ya kukaushia ilikuwa ya mradi. Vijana waliokuwa wanasaga walikuwa wanafunzi, wamemaliza chuo, wameondoka. Dokta akarudi darasani. Mimi nikabaki na watu watano walionilipa kabla, nikawarudishia jumla ya 140,000. Wawili kati yao hata pumba hawanunui tena kwangu.

Nimejiuliza sana nani wa kulaumiwa. Dokta alifanya alichoagizwa na mradi wake: kutafiti, kujaribu, kuandika ripoti. Wateja walinunua. Mimi niliuza. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye asubuhi akiamka kazi yake ni kuhakikisha ule unga unakuwepo mwezi ujao, na ambaye usipokuwepo analala njaa. Hakuwepo. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kuwa huyo mtu, ila tangu siku ya kwanza nilisema, "Dokta wewe leta mzigo, nitauza." Nilijiweka mwenyewe mwisho wa foleni.

Ndio maana maoni yangu leo ni haya: mtaalamu wa chuo asimtafute mfanyabiashara bidhaa ikishakamilika. Waanze wote wawili siku moja, kampuni moja, kila mtu na hisa zake.

Sio mawazo ya Kibaigwa tu. Nyuma yangu hapa dukani kuna mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia mahindi bila dawa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje kiroba. Ukifunga vizuri hewa inakata na wadudu wanakwama, hata dumuzi, yule ambaye wazee wanamwita Scania. Mfuko huu ulitoka chuo kikuu cha Purdue, Marekani. Profesa Larry Murdock na wenzake walianza kuufanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Kameruni, kwa ajili ya kunde. Sayansi ilikuwa imekamilika mapema tu. Lakini mradi mkubwa wa kuusambaza Afrika ulianza 2007. Hesabu mwenyewe, zaidi ya miaka 15! Mfuko ulianza kuenea kweli pale walipotafutwa wenye viwanda wa kuutengeneza, wa jumla wa kuubeba na wa rejareja kama mimi wa kuuweka dukani. Hapa kwetu kiwanda cha Pee Pee cha Tanga ndicho kilichoutengeneza. Hiyo miaka ya kusubiri, mahindi ya wazazi wetu yaliliwa.

Mfano wa pili upo Arusha. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo sana za kitaalamu, na linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Kule floraidi ni tatizo, wengi mmeona meno ya kahawia. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Watu wanaikumbuka hela. Mimi naangalia vitu viwili. Kwanza, washindani wa tuzo ile walipitishwa kwenye mafunzo ya biashara ya miezi kadhaa kabla mshindi hajatangazwa. Pili, yeye hakuishia kwenye karatasi, alifungua kampuni, na chujio likawekwa kwa wajasiriamali wadogo wanaowauzia majirani maji safi. Yaani muuza maji wa mtaani akawa sehemu ya mpango wenyewe.

Wa tatu ni wa mbali, ila nauhusudu. Januari 1976, kijana anaitwa Robert Swanson, miaka 28, hana kazi, alikuwa anapigia simu wanasayansi mmoja mmoja kule California. Herbert Boyer, profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, akamkubalia dakika kumi tu. Yakawa maongezi ya saa tatu hivi. Kila mmoja akatoa dola 500, na Aprili mwaka ule wakasajili kampuni, Genentech. Boyer na wenzake wakakaa na sayansi, Swanson akakaa na mambo ya fedha, mikataba na kusukuma kazi isilale. Mwaka 1978 wakafanikiwa kupata insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini ya ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 ikaruhusiwa Marekani, ikauzwa na kampuni ya Eli Lilly.

Sitawadanganya kwamba Swanson alikuwa kama mimi. Alisoma kemia na biashara kwenye chuo kikubwa. Lakini si yeye aliyegundua chochote maabara. Alichofanya ni kupiga simu, na alipopewa nafasi hakusema "wewe leta mzigo nitauza." Alisema tufungue kampuni.

Najua wapo watakaosema mtaalamu ajifunze biashara mwenyewe, au chuo kiajiri afisa masoko. Ajifunze, sikatai. Lakini mwalimu wa chuo anapanda cheo kwa kufundisha na kuchapisha utafiti, sio kwa pakiti alizouza. Siku ina saa 24 tu. Na afisa masoko mwenye mshahara, mzigo ukilala yeye mwisho wa mwezi analipwa. Mwenye hisa mzigo ukilala na yeye halali.

Wapo pia watakaosema wafanyabiashara hatuaminiki. Hapo nakubali nusu. Wapo kati yetu wanaochakachua. Angepewa huu unga mtu wa hivyo angeongeza pumba kilo mbili, akaiga pakiti, akamwacha Dokta na lawama. Hofu ya wataalamu ina msingi. Dawa yake lakini si kutukimbia, ni maandishi.

Sasa niseme kinachoninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita Dokta amerudi. Safari hii bila begi. Akakaa kwenye benchi pale nje, akaomba maji, akasema, "Mdogo wangu, nimechoka kuandika ripoti za vitu vilivyokufa. Tufungue kampuni." Nikamwambia anipe mwezi. Mama yangu anasema niachane naye, aliniharibia jina mara moja. Mume wangu anasema nijaribu lakini duka lisiguswe. Mimi nimeamua nitaingia, kwa masharti. Nawawekea hapa, yanaweza kuwasaidia na nyie siku mtaalamu akiingia dukani kwenu.

1. Uliza kitu ni cha nani. Utafiti ukifanyika kwa mshahara na maabara ya chuo, mara nyingi chuo nacho kina haki. Mwambie mtaalamu alete kwa maandishi kwamba chuo kimeruhusu. Usijenge nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

2. Uliza kama ameshalinda ugunduzi wake. Kwa Tanzania Bara hati ya ubunifu inashughulikiwa na BRELA, huko huko tunakosajili kampuni na alama ya biashara. Akishatangaza siri yote hadharani kabla ya kuomba, anaweza kuikosa haki hiyo.

3. Andikeni nani anafanya nini. Kwetu itakuwa hivi: ubora, vipimo na namna ya kutengeneza ni Dokta. Bei, ujazo, kifungashio, wateja na daftari la hesabu ni mimi. Mtu asiingilie jiko la mwenzake bila kubisha hodi.

4. Hisa ziive polepole. Msigawane zote siku ya kwanza. Mnaweza kukubaliana kwamba kila mwaka mtu aliofanya kazi anapata robo ya hisa zake, mpaka miaka minne. Anayeondoka mwezi wa sita asiondoke na nusu ya kampuni. Hii inamlinda yeye dhidi yangu, na mimi dhidi yake.

5. Uliza tarehe ya mwisho ya mradi. Hili ndilo lililoniua. Fedha za utafiti zinaisha lini? Mashine ni ya nani siku hiyo? Kama jibu ni "tutaona," na wewe sema "tutaona."

6. Anzeni kuuza kidogo kabla ya kutengeneza kingi. Pakiti 20 kwa wateja 20, andika maswali yao. Maabara haiwezi kukwambia kwamba mama anataka kilo moja. Kaunta inasema siku ya kwanza.

7. Viwango visisubiri. Nendeni SIDO na TBS mapema, wakati mzigo bado mdogo. Chakula cha mifugo kikiua kuku wa watu hakuna atakayeuliza nani alikuwa na shahada.

8. Duka lako na kampuni mpya ziwe na madaftari mawili na akaunti mbili. Hapa mume wangu yuko sahihi.

Na nyie wataalamu, najua wachache mpo humu mnasoma kimya kimya. Msiogope vyeti vyetu vidogo. Mimi sijui protini inapimwaje, lakini najua mwezi gani mfugaji ana hela na mwezi gani hana. Najua nani akikopa analipa. Najua kwamba baada ya mavuno hapa pumba zinashuka na watu wananunua vifaranga. Hayo sikusoma popote, na hayo ndiyo yaliyotoa unga wako kutoka pakiti mbili hadi 130. Kama yana thamani ya kuokoa bidhaa, yana thamani ya hisa.

Vyuo navyo visiishie kufanya maonesho ya ubunifu ambapo tunapita, tunapiga picha, tunaondoka. Siku moja waiteni wenye maduka, wenye mashine za kusaga, madalali wa mazao. Muwakalishe meza moja na watafiti, kila mtu aseme ana nini na anakosa nini. Hawa kumi na wale kumi, wakipatana wawili tu hiyo siku haijapotea.

Jumamosi ijayo nakutana na Dokta. Nimeshaandika masharti yangu kwenye daftari lile lile la maswali ya wateja, ukurasa wa mwisho. Akikubali yote nane tunaenda kusajili. Akikataa la tano, namkaribisha maji mengine anywe, naendelea kuuza pumba zangu.

Wewe ungeingia au ungekataa? Na kama umeshawahi kushirikiana na mtaalamu wa chuo, nini kilikushinda? Niandikieni hapo chini kabla ya Jumamosi, nitasoma yote.