Jina Hurudi, Mtu Harudi

Kijana msomaji, katika nchi ya Wagiriama, kutoka Kilifi hata Malindi, jina la babu humrudia mjukuu. Kazungu mwana wa Katana apatapo mwana wa kwanza wa kiume, humwita Katana. Na Katana huyo naye apatapo wake, Kazungu hurudi tena nyumbani. Katika miji ya Waswahili kadhalika, mtoto hupewa jina la mzee wake akawa somo yake. Desturi hii ina hekima. Jina ni kumbukumbu, na mwenye kulipokea yu huru. Babu alikuwa mvuvi; mjukuu aweza kuwa hakimu. Babu alikuwa mkali. Mjukuu aweza kuwa mpole. Mtoto hupewa jina la marehemu, lakini hapewi maisha yake ayarudie. Jina hurudi, mtu harudi.

Siku hizi imetokea elimu iwezayo kurudisha mwili wenyewe. Mwaka 1996, huko Scotland, wataalamu wa Taasisi ya Roslin walichukua kiini cha chembe ya kiwele cha kondoo mzima, wakakitia katika yai lililoondolewa kiini chake. Mwanakondoo aliyezaliwa, Dolly, akawa nakala ya kondoo aliyetoa chembe. Majaribio yalikuwa 277. Mwanakondoo aliyepatikana ni mmoja. Elimu hiyo haikubaki ng'ambo. Mwaka 2016, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, alizaliwa fahali wa Kiborana kwa njia hiyo hiyo, akaitwa Tumaini. Alikuwa hatua moja katika safari ya kutafuta ng'ombe wasiouawa na nagana, maradhi yaletwayo na mbung'o. Mwaka 2018 wataalamu wa China walitangaza kima wawili walionakiliwa. Hapana ushahidi kwamba mwanadamu amewahi kuzaliwa hivyo, lakini kutoka kondoo hata kima mwendo umekwisha kuwa mfupi.

Ipo njia ya pili, nayo ni kutengeneza mayai na mbegu za uzazi katika maabara. Chembe ya ngozi hurudishwa nyuma mpaka iwe changa, kisha huongozwa iwe yai. Huko Japani, panya wamezaliwa kutokana na mayai ya namna hiyo tangu mwaka 2012; na mwaka 2023 walitangazwa panya waliotokana na baba wawili. Viinitete 630 vilipandikizwa, wakazaliwa saba. Habari hii inaigusa Kenya pia. Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, mwaka 2018, akaacha majike wawili. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba wametengeneza chembe changa za uzazi kutokana na chembe za mwili za kifaru wa jamii hiyo. Hatimaye, mwaka 2025, wataalamu wa Oregon, Marekani, walieleza kwamba wamepata mayai 82 ya binadamu kwa kutia viini vya chembe za ngozi ndani ya mayai yaliyoondolewa viini vyake. Yaliporutubishwa, mengi yalikoma mapema, na yaliyoendelea yalikuwa na kasoro.

Simlaumu aliyemleta Tumaini, wala simlaumu anayetaka kumwokoa kifaru. Neno langu ni juu ya mwanadamu, nami nalisema wazi: kunakili mtu kupigwe marufuku kabisa, na yai la maabara lisifanywe mtoto mpaka usalama wake uthibitike na sheria itangulie. Sababu zangu ni tatu.

Ya kwanza ni ridhaa. Watu wa Kilifi wanajua jinsi utafiti unavyopaswa kwenda. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwako huko tangu mwaka 1989, na watoto wa sehemu hizo walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Kanuni ya majaribio kama hayo ni kwamba mzazi huelezwa na kuulizwa. Aweza kukataa, na hata baada ya kukubali aweza kumtoa mwanawe. Je, mtoto aliyenakiliwa atatolewaje katika jaribio, ikiwa jaribio ndio mwili wake? Na kwa kila mtoto mzima mmoja, tutavumilia mimba ngapi zilizoharibika?

Ya pili ni uhuru. Watu watasema kwamba pacha nao hufanana mwili, na hakuna anayewahurumia. Ni kweli, walakini pacha huanza safari siku moja, na hakuna aliyemtangulia mwenziwe kumwonyesha mwisho wake. Nakala huzaliwa nyuma ya mtu aliyekwisha kuishi. Maradhi yake yatatabiriwa, akili yake itapimwa kwa akili ya mwingine, na akishindwa ataambiwa amemharibia sifa yule aliyemtangulia. Huo ni mzigo usiostahili kutwikwa mtoto.

Ya tatu ni biashara. Wagiriama huwachongea wazee wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mti za kuwaheshimu baada ya kufa. Wezi waliving'oa, wafanyabiashara wakaviuza, na vingi vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, baada ya kudaiwa kwa miaka mingi. Ikiwa ukumbusho wa marehemu uliweza kugeuzwa bidhaa, sembuse chembe ya ngozi, isiyoonekana kwa macho, iachwayo juu ya kikombe au kitana? Siku yai litakapoweza kutokana na chembe kama hiyo, mtu ataweza kufanywa mzazi bila ya habari yake. Na penye mayai mengi patakuwa na uchaguzi mwingi: huyu mrefu, yule mweupe, yule msichana asitakiwe. Mtoto ataagizwa kama kanzu kwa fundi, na kanzu isiyompendeza mwenyewe hurudishwa.

Nasikia swali la haki: na waliokosa watoto je? Uchungu wao haupaswi kudharauliwa. Katika vijiji vyetu mke asiyezaa husengenywa hata pale ambapo kasoro ni ya mumewe, na wako waliougua wakiwa wadogo, dawa zikawaondolea uzazi. Yai la maabara huenda siku moja likawafaa hao, nami sitaki wafungiwe mlango milele. Lakini huruma kwa mzazi haiondoi haki ya mtoto. Tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, yai la mke na mbegu ya mume zimeweza kukutanishwa nje ya tumbo, na mtoto azaliwaye kwa njia hiyo ni mtu mpya kama wewe na mimi. Tiba hiyo inastahili kuenezwa na kupunguzwa gharama. Nakala haimtibu mgumba. Humpa kivuli cha mtu mwingine.

Basi sheria isichelewe. Watoto wa kwanza wa tiba hiyo nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na mwaka 2014 ndipo muswada wa kuisimamia ulipokuwa mbele ya bunge. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kila mtu ana heshima ya utu. Lakini haikuandikwa kwa kufikiria chembe ya ngozi iliyogeuzwa yai. Umoja wa Mataifa nao ulitoa azimio dhidi ya kunakili binadamu mwaka 2005, ila halina nguvu ya kumfunga mtu. Mbio za elimu ni za farasi, na sheria hutembea kwa miguu.

Kijana msomaji, miongoni mwenu watatoka waganga, wabunge na mahakimu. Jifunzeni elimu hii kwa bidii, kwa maana asiyeijua hawezi kuitawala. Mtakapokaa katika viti vyenu, mwulizeni kila mwenye kutaka kutengeneza mtu: Je, huyu atakuwa na ruhusa ya kuwa yeye mwenyewe? Asipoweza kujibu, mzuieni.