Tundu la chaji lisiiue simu nzima

Kila fundi wa simu, awe Lubumbashi au Bukavu, anaijua kazi hii: tundu la chaji limelegea, simu haipokei moto. Mwenye simu ndiye hulaumiwa. Mimi naona lawama ianze kwa kiwanda.

Waliobuni USB-C walifikiri vizuri. Tundu linatakiwa kuhimili kuchomekwa mara 10,000. Ukichaji mara tatu kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka tisa. Vishikizo vinavyochoka viliwekwa kwenye kebo, kwa sababu kebo hununuliwa upya kwa urahisi. Lakini hesabu hiyo ni ya tundu lenyewe, si ya namna lilivyofungwa kwenye bodi ya simu.

Tundu likilehemiwa juu juu, kila mvuto wa kebo unabebwa na tabaka jembamba la bati (huenda bati la kwetu Walikale). Siku moja linabanduka na kung'oa njia za umeme. Likiwa na miguu ya chuma inayopenya bodi, miguu ndiyo hubeba mvuto. Bora zaidi likae kwenye kibao chake kidogo: fundi anabadilisha hicho tu. Simu kadhaa, hata za bei nafuu, zimeundwa hivyo.

Tangu Desemba 28, 2024, Umoja wa Ulaya unadai USB-C kwenye simu mpya zinazouzwa kwake. Sharti hilo limeamua umbo, si ufungaji. Sisi tunaochajisha kwenye vibanda vya kulipia, tumuulize muuzaji kabla ya kutoa pesa: tundu hili hubadilishwa peke yake?