Ngozi Isiposhika: Majibu kwa Madai Sita

Kimulot, kule Konoin katika kaunti ya Bomet, chai haichumwi tu, hunywewa kutwa, na mtoto anayejifunza kutembea huweza kuivuta sufuria ikammwagikia kifuani. Jeraha likiwa la kina, hupewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Longisa au Tenwek, ambako ngozi nyembamba huweza kutolewa pajani na kupandikizwa kwenye kidonda. Mara nyingi hushika. Isiposhika, mwili wa mtoto hutibiwa, lakini faili huachwa na pengo. Katika ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, upo msimbo wa tukio hilo: T86.8. Visingizio vya kutouandika ni vingi. Tuvichukue kimoja kimoja.

Dai la 1: "Hiyo ni misimbo ya figo, mambo ya Nairobi na Eldoret."
Figo ina msimbo wake, T86.1. Uboho ni T86.0, moyo T86.2, ini T86.4. T86.8 ni ya viungo na tishu nyingine: mfupa, utumbo, pafu, kongosho na ngozi. Ngozi huweza kupandikizwa hata mahali ambapo hakuna mtaalamu wa figo wala mashine ya kusafisha damu. Kama upo msimbo wa vipandikizi unaomhusu mtu wa Kimulot, ni huu.

Dai la 2: "Ngozi ni ya mgonjwa mwenyewe, mwili hauwezi kuikataa."
Ni kweli kwamba kinga ya mwili haiikatai. Jambo hilo lilieleweka kutokana na majeraha ya moto yenyewe: mwaka 1943, huko Glasgow, Thomas Gibson na Peter Medawar walionyesha kuwa ngozi ya mtu mwingine hukataliwa, na ikirudiwa kutoka kwa mtoaji yuleyule hukataliwa haraka zaidi. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Lakini T86.8 haihusu kukataliwa peke yake. Inahusu pia kipandikizi kushindwa, na inataja waziwazi ngozi ya mtu mwingine na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Ngozi yako mwenyewe inaweza kufa bila kukataliwa na mtu. Siku mbili za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo ya damu huanza kuungana. Damu ikivia chini yake, majimaji yakijaa, bandeji ikiisogeza au bakteria wakiingia, mishipa haiungani. Muuguzi anafungua bandeji siku ya tano, anakuta ngozi imekuwa nyeusi na inateleza chini ya kidole. Hapo kipandikizi kimeshindwa. Na kama usaha wenye bakteria aina ya Pseudomonas ndio ulioiharibu, B96.5 huongezwa kumtaja mhalifu.

Dai la 3: "Ukiandika hivyo umemshtaki daktari."
Kinyume chake. T86.8 huandamana na Y83.2, na maelezo ya Y83 yanasema kuwa ni upasuaji uliofuatiwa na tatizo baadaye, bila kutajwa kosa lolote wakati wa kuufanya. Makosa yana sehemu yake, Y60 hadi Y69. Anayeficha T86.8 ili kumlinda mpasuaji anamnyima karatasi inayomtetea.

Dai la 4: "Jeraha la moto tayari lina msimbo, unatosha."
Unatosha mtoto anapolazwa mara ya kwanza: T21.3 kwa kifua kilichoungua hadi ndani kabisa, na X10 kwa kinywaji cha moto kilichomuunguza. Akirudishwa wodini kwa sababu ngozi haikushika, hali kuu iliyomlaza si moto tena. Ukirudia T21.3 peke yake, takwimu zitasoma ajali mbili za moto na hakuna kipandikizi hata kimoja kilichoshindwa. Yote mawili ni uongo.

Dai la 5: "Misimbo ni ya kudai pesa za bima tu."
Orodha hii ilitokana na ile ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Jacques Bertillon mwaka 1893, miaka mingi kabla SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, haijachukua nafasi ya mfuko wa NHIF Oktoba 2024. Kazi yake ya asili ni kuhesabu. Karani wa kituo cha chai akiandika kilo zako kwenye namba ya jirani, kiwanda hakipotezi jani, lakini wewe hulipwi. Vivyo hivyo, wodi ambayo vipandikizi vyake vilivyoshindwa vimeandikwa kama moto haitakuwa na hoja ya kuombea bandeji bora wala muuguzi wa ziada.

Dai la 6: "ICD-11 imeshafika, tuisubiri."
Imeanza kutumika rasmi tangu Januari 1, 2022, na ndani yake jambo hilihili lipo, chini ya NE84. Namba imebadilika, wajibu haukubadilika.

Tena ofisa wa rekodi, anayeweka misimbo, haruhusiwi kubuni ugonjwa ambao tabibu hakuuandika. "Kidonda hakijapona" haimfikishi popote. "Ngozi ya paja iliyopandikizwa kifuani haikushika, damu ilivia chini yake" inamfikisha T86.8 bila kumsumbua mtu. Sentensi hiyo haimchukui daktari hata dakika moja.