Usikidharau Kigae

Ndugu msomaji, Jumapili utakapowapeleka watoto pwani ya Kunduchi, pitieni kwanza kwenye magofu. Waonyeshe makaburi ya nguzo ya karne ya 18, kisha waonyeshe matundu yaliyomo. Humo mlijengewa bakuli na sahani za Kichina, na nyingi zimekwisha kung'olewa. Mng'oaji alipata sahani. Kaburi likapoteza shahidi wake.

Thamani ya shahidi wa namna hii aliijua vema Mortimer Wheeler (1890–1976), Mwingereza mchimbaji wa mambo ya kale. Mwaka 1945, huko Arikamedu, kusini ya India, alikuta vigae vya vyombo vyekundu vya Italia. Kwa kuwa umri wa vyombo hivyo ulijulikana, aliweza kukadiria umri wa vyungu vya wenyeji vilivyolala navyo katika tabaka moja la udongo. Miaka ya 1950 akaingia katika televisheni ya BBC, katika kipindi ambamo wataalamu waliwekewa kitu mezani wakitambue bila kuambiwa kimetoka wapi. Watazamaji walimpenda hata akateuliwa mtangazaji bora wa televisheni wa mwaka 1954. Lakini ukweli ni kwamba kitu kikishatengwa na mahali pake, hata bingwa hubahatisha!

Mwaka 1955 alifika kwetu. Kati ya Dar es Salaam na Kilwa alistaajabia vigae vya Kichina, vya kuzolewa kwa koleo, akasema kuwa historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vigae hivyo. Maneno matamu, ila ni nusu ya habari. Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, vyungu vya udongo vya wenyeji vilikuwa vingi kupita vya Kichina. Sahani ya ng'ambo ilipamba nyumba ya tajiri. Chungu kilipikia mji mzima.

Basi wewe uliyemwacha bibi kule Ibaba, wilayani Ileje, ukienda likizo kitazame chungu kilichoko jikoni mwake. Yawezekana kilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vyembamba huuzwa katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Hakina mhuri chini wala tarehe. Mwenye habari zake ni bibi peke yake. Muulize nani alikifinyanga, kilinunuliwa wapi, kwa fedha au kwa debe la mahindi, na kililetwa nyumbani kabla au baada ya kuzaliwa mtoto yupi. Yaandike yote.

Kuhusu vya ardhini, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuvichimba bila kibali. Chungu cha bibi ni mali yake, na akija mnunuzi wa mjini mwenye bei nzuri, kukiuza ni hiari yake. Lakini nakala ya karatasi ile itumbukize ndani ya chungu, kiondoke nayo.